Daftari la Magobore Nililojiagizia Mwenyewe

Kosa langu la kwanza katika kazi ya uandishi lilikuwa safu ya kumi na moja ya daftari langu. Safu kumi za kwanza zilikuwa upuuzi tu, na upuuzi mwingi hupita bila kumuumiza mtu. Ya kumi na moja niliipa kichwa "Maelezo Mengineyo", nikaipigia mistari miwili kwa wino mwekundu, na ndani yake nikaandika, kwa mwandiko wangu bora kabisa, siri ambayo mama mmoja mjane alikuwa ameniomba nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Niliiandika tu, nikaiacha wazi juu ya meza, barazani, siku ya gulio.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi yangu ilikuwa kuwaandikia watu barua pale Tarime, kwenye baraza ya fundi cherehani aliyenipa nafasi ya ukubwa wa mbuzi aliyelala. Meza yangu ilikuwa sanduku la mafuta ya taa. Shule sikuwahi kukaa. Baba aliona kwamba ng'ombe wanahitaji mtu kuliko ubao unavyohitaji mtu, na kwa upande wa ng'ombe alikuwa sahihi. Kusoma nilijifunza kwa karanga. Akina mama wa sokoni walifunga karanga katika karatasi zilizokwisha kutumika, sijui walizipata wapi: fomu kuukuu, orodha za maduka, vipande vya barua za watu. Nilikula karanga haraka ili nifike kwenye maandishi. Kwa njia hiyo nilijua habari za mifugo, magonjwa na ugomvi wa watu nisiowafahamu hata kidogo, na haikunipitia akilini kwamba labda wenyewe wasingependa. Niliona ndiyo elimu yenyewe.

Matokeo yake ni kwamba Kiswahili changu cha kwanza kilikuwa cha fomu. Niliweza kuandika "mtajwa hapo juu" kabla sijaweza kuandika "mama". Na kwa kuwa hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba kazi imetosha, sikujua kazi hutosha wakati gani. Tone moja la wino likidondoka pasipotakiwa, nilichana ukurasa na kuanza upya. Mtu mmoja alikuja kumwandikia mwanawe amletee blanketi kwa sababu ya baridi ya masika. Nikaiandika barua ile mara tano.

"Mura," fundi aliniambia bila kuinua macho kwenye cherehani, "hilo blanketi litafika kiangazi."

Mura ni kijana, kwa Kikurya. Fundi alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa.

Sasa niseme magobore yaliingiaje. Mtu wa kwetu aliyetaka bunduki ya halali alipata gobore, lile la kushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, na alilipata kwa leseni ya Boma. Namba iligongwa kwenye chuma, na namba hiyo ilikuwa yake mpaka afe au auze. Akiuza, sheria ilitaka muuzaji na mnunuzi waende Boma kwanza, namba ihamishwe, ndipo wakabidhiane. Watu walikabidhiana kwanza. Boma walikwenda wakishavuna, au wakishazika, au mvua ikikatika, maana bunduki ina haraka na serikali haina. Katika hizo wiki za katikati gobore lilikuwa mikononi mwa mtu mmoja na jina la mtu mwingine. Likiua kitu, aliyeulizwa alikuwa mwenye jina. Kwa hiyo wenye busara walipitia kwangu, niwaandikie karatasi ya kuonyesha kwamba siku fulani chuma chenye namba fulani kilitoka huku kikaenda kule. Nakala moja ya muuzaji, nyingine ya mnunuzi.

Hiyo ingetosha. Lakini nilijiuliza: je, zote mbili zikiungua? Je, panya? Je, muuzaji akifa, mnunuzi akafa, halafu gobore likabaki hai? Mwoga hakosi maswali. Mwenye duka mmoja alikuwa ametupa daftari kubwa la jalada gumu ambalo kurasa zake za nyuma zilikuwa hazijaguswa. Nililiokota, nikalipiga rula siku mbili mfululizo, na juu ya jalada nikaandika: "Daftari Kuu la Mauziano ya Magobore Baina ya Mtu na Mtu." Kuu. Kana kwamba mahali fulani palikuwa na dogo.

Hakuna aliyeniagiza. Hilo nalisema wazi, maana kwa muda mrefu nilikuwa nikijiambia kwamba nilikuwa nalinda haki za watu. Nilikuwa napenda kupiga mistari. Namba ya mtutu, sawa, na majina, sawa. Lakini niliandika pia ukoo wa muuzaji, mto ulio karibu na nyumbani kwake, sababu ya kuuza, sababu ya kununua, hali ya kitako cha bunduki, nani mwingine katika mji huo anayejua kulenga, na mahali ambapo silaha ilikuwa ikihifadhiwa ndani ya nyumba. Nikiulizwa kwa nini nauliza, nilijibu kwa sauti ya fomu kwamba "inatakiwa". Watu walijibu. Ukimwuliza mtu huku umeshika kalamu, atakwambia hata asichomwambia mkewe.

Na kwa kuwa nilikuwa na fahari, daftari lilikaa wazi mezani. Fundi alitundika kaptula barazani ili wapita njia waone mishono yake. Mimi nilitandika maisha ya watu ili waone mwandiko wangu.

Yule mama alikuja kutoka Itiryo na mkeka wa kulalia umeviringishwa kwapani. Alikuwa na umri wa mama yangu. Pamoja naye alikuwa mwanamume mwembamba, Mwikoma wa Robanda, ambaye hakukaa mpaka alipoangalia pande zote mbili za barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura. Wewe ndiye unayeandika bila kusema?"

"Ndiye mimi."

"Vizuri. Wanaosema bila kuandika ninao nyumbani."

Ndani ya mkeka kulikuwa na gobore la marehemu mume wake. Alizungumza Kikurya, Mwikoma hakukijua, naye Kiikoma chake sisi hatukukijua, basi tukasukuma mambo kwa Kiswahili ambacho hakikuwa cha mtu yeyote kati yetu. Bei walikuwa wameshaimaliza wenyewe, kwa mtamba aliyekwisha kukabidhiwa, na sikuhusishwa. Nilihusishwa katika karatasi tu.

"Andika kwamba bunduki imetoka kwangu imekwenda kwake," mama alisema. "Pembe haiendi."

"Pembe gani?" mnunuzi aliuliza.

"Ya baruti."

"Na baruti nitaiweka wapi, mama? Shavuni?"

"Kwenu kuna ng'ombe. Ng'ombe wana pembe."

Ndipo akaeleza, kwangu, kwa Kikurya, polepole, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto. Mume wake alikuwa na desturi ya kulipua gobore mara moja kila kiangazi kilipoanza, yaani wakati wezi wa ng'ombe wanapoanza kutembea. Mlipuko mmoja, jioni, juu ya kilima chake. Alikuwa hampigi mtu. Alikuwa anawajulisha. Pembe ya baruti ilitundikwa nje, kando ya mlango, mahali ambapo kila apitaye angeiona. Sasa mume amekufa, wanawe bado wadogo, na hakuna mtu katika mji ule anayeweza kulenga hata mlima. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa akilidai gobore kwa mila. Mila yetu inajua mikuki na ngao ziende kwa nani. Gobore lilikuja baada ya mila, kwa hiyo kila mtu alikuwa na mila yake kuhusu gobore. Na mama alijua kwamba gobore likienda kwa shemeji, ng'ombe watalifuata, na ng'ombe wakienda, yeye na wanawe watafuata ng'ombe.

"Nina ng'ombe kumi na watatu," alisema. "Wanalindwa na mlio ambao watu waliusikia zamani. Nikiuza kimya kimya kwa mtu wa mbali, na pembe ikabaki pale ilipo, watu watadhani bunduki ipo. Shemeji naye atadhani ipo. Mpaka mwanangu mkubwa akue. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Kwa hiyo Itiryo hakuna wa kujua."

"Kwangu limefukiwa, mama."

Mwikoma naye alikuwa na lake. Alitaka gobore kwa ajili ya shamba la mtama. Nyumbu wakipita kwake, alisema, hawaachi hata bua la kumkumbusha mtu kwamba alilima. Alikuwa na nia ya kupiga hewani wakimbie. "Lakini bwana nyama wa serikali haamini kwamba kuna bunduki inayopiga hewa," alisema. "Swala akifa popote pale, hata akifa kwa uzee, mlango wa kwanza kugongwa ni wa mwenye bunduki. Na kabla ya bwana nyama watakuja majirani. Kila mmoja ataliazima siku moja tu. Usiandike Robanda kubwa hivyo."

Nikaiandika Robanda ndogo. Walibonyeza vidole gumba, wakapeana mikono, wakakubaliana kukutana tena baada ya gulio la tatu ili waende Boma pamoja, maana mtama wake ulikuwa unasubiri palizi. Mkeka ukaondoka kwa miguu ya Mwikoma. Mama akarudi Itiryo mikono mitupu.

Nami nikafungua Daftari Kuu. Safu ya nne, ya sita, ya tisa. Nilipofika ya kumi na moja nikasita kidogo. Hilo nalikumbuka vizuri, na ndilo linaloniuma. Nilisita kwa sababu sikujua kama neno "imetundikwa" lingeenea kwenye mstari. Likaenea. "Pembe ya baruti haikuuzwa. Imebaki imetundikwa mlangoni ili majirani waendelee kudhani kwamba bunduki ipo." Nikaukausha wino kwa pumzi yangu.

Gulio lililofuata alikuja mzee mmoja mwenye koti la jeshi. Alikuwa amepigana vita ya Burma, akarudi na vitu viwili, koti na kusoma, na vyote viwili alivivaa kila siku, jua liwake mvua inyeshe. Alitaka barua kwa mwanawe aliyekuwa akifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Musoma. Kusoma alijua, ila mkono wake ulikuwa na kidonda, hakuweza kushika kalamu. Nilianza kuandika, yaani nilianza kuandika, kuchana na kuanza upya. Yeye, kwa kuwa muda ulikuwepo, akavuta daftari.

"Mwandiko huu, mura, hata jeshini sikuuona."

"Asante, mzee."

"Kila kitu umeweka."

"Najitahidi, mzee."

Kidole chake kilikuwa kikishuka. Kikafika mahali kikatulia. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama mtu asomaye somo kanisani: "Pembe ya baruti haikuuzwa. Imebaki imetundikwa mlangoni." Akasoma mpaka mwisho. Halafu akacheka, kicheko kisicho na ubaya wowote.

"Huyu mama ana akili," alisema. "Mimi napita pale kila wiki, na kila wiki naitazama ile pembe kwa heshima."

Naungama jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: hapo nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu alikuwa amesoma bila kukwama hata mara moja, na hiyo ni sifa ya mwandishi. Nikamaliza barua yake, nikamsomea, akaikunja, akaniaga vizuri. Alikuwa amekwisha kuvuka barabara ndipo furaha ilipopungua kichwani na akili ikapata pa kukaa.

Fundi aliona uso wangu. "Umekula nini?"

Nikamweleza.

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia. Alisoma."

"Aa. Kwa hiyo hukusema." Akakanyaga cherehani, akashona nusu ya mguu wa kaptula, akasimama tena. "Nuhu alipakia wanyama wa dunia nzima bila daftari. Na hakuna aliyepotea. Wewe umeandika mji mmoja tu, na umekwisha."

Nilifikiria kuuchana ule ukurasa. Nilikuwa nimechana kurasa maisha yangu yote kwa sababu ya tone la wino, na huu, ambao ulistahili, sikuweza, kwa kuwa ulikuwa hauna tone hata moja. Aibu nyingine hiyo, na iende na wenzake.

Kesho yake alfajiri nilishika njia ya Itiryo, daftari ndani ya gunia. Njiani nilitunga maneno ya kukiri, nikayasahihisha, nikayatunga upya. Kufika saa sita nilikuwa na maungamo mazuri sana. Pembe ilikuwa pale pale kando ya mlango, nyeusi, inang'aa kwa kushikwashikwa. Hata mimi niliyejua, niliiogopa kidogo. Mama alikuwa anapepeta ulezi.

"Mama," nilisema baada ya shikamoo, "nimekuja kukuarifu kwamba kuhusu lile suala lililotajwa..."

"Sema kama mtu."

Nikasema kama mtu. Ilichukua maneno machache sana.

Akaweka ungo chini. "Nani?"

"Mzee wa koti la jeshi."

"Wa koti. Yule ni mtu mzuri."

"Basi hakuna neno, mama?"

"Ni mtu mzuri anayekunywa pombe na watu wote."

Akaniambia nitoe daftari, nimsomee ukurasa wake wote, safu kwa safu, nisiruke. Sijawahi kusoma kitu kirefu vile. Nilipofika mahali pa kuhifadhia silaha nilijaribu kupunguza sauti.

"Wapi?"

"Darini. Upande wa kushoto wa kitanda."

"Kitanda cha nani?"

"Chako, mama."

"Na nalaza kichwa upande gani, umeandika?"

"Hapana, mama."

"Ulisahau."

Nilikuwa nimebeba kiberiti, kwa hiyo nikakitoa. Nilitaka kuuchoma ukurasa pale pale mbele yake, na sitaficha kwamba nilikuwa nimeshajiona nikisamehewa katika mwanga wa ule moto. Akanishika mkono.

"Hujui hata kuchoma," alisema. "Ile namba kwenye chuma bado ni ya mume wangu. Yule mtu wa Robanda akipiga kisichopigwa kabla hatujafika Boma, askari watakuja hapa. Mimi nina dole gumba langu kwenye karatasi moja, na nyumba yangu ni ya nyasi. Karatasi ikipotea, nitasema nini? Nitawaonyesha pembe?" Akaweka kidole juu ya ukurasa. "Namba, ibaki. Kwamba imetoka kwangu, ibaki. Jina lake na langu na siku. Mengine haya, nani alikuwa anayahitaji?"

 Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa amepanga daftari langu upya kabla hajarudi kwenye ungo wake.

"Tukishatoka Boma, choma," alisema. "Kwa sasa lifunge. Unajua kufunga?"

Kisha akainuka, akaiteremsha ile pembe. Hakuwa na hasira, au alikuwa nayo na hakutaka kunipa. Aliiteremsha kwa kuwa pembe ambayo watu wanajua haina bunduki ni mbaya kuliko ukuta mtupu, ni tangazo. Halafu akamtuma mwanawe akamwite shemeji.

Shemeji alikuja bila haraka, anachokonoa meno. Habari ilikuwa imeshamfikia tangu jana yake, kwenye pombe, kama alivyosema mama. Akautazama mlango.

"Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa naogopa pembe," alisema.

"Ulikuwa unaogopa vizuri," mama alijibu. "Nimekuita kwa sababu ya ng'ombe."

"Ng'ombe wamefanya nini?"

"Hawana mwenyewe anayelipua. Wakae kwenye zizi lako mpaka mvua zinyeshe."

"Sasa unanikumbuka, shemeji. Bunduki hukunikumbuka."

"Nimekukumbuka sasa."

"Na huyu ni nani?" Alikuwa ananitazama mimi na gunia langu.

"Ni karani," alisema mama. "Ndiye aliyetukutanisha."

Jioni hiyo ng'ombe kumi na wawili walihama. Alibaki mmoja wa maziwa. Nilisaidia kuwaswaga, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoisomea hasa. Shemeji aliwapokea kwa ukarimu mkubwa, akamtaja kila mmoja kwa rangi yake kabla hajaambiwa, jambo lililoonyesha kwamba alikuwa na daftari lake kichwani tangu zamani, na la kwake lilikuwa limefungwa. Itazameni hesabu hiyo. Wezi wa ng'ombe wa nchi hii huvuka mito, huviziana na askari, huweka roho zao rehani, na pengine wanarudi na ndama mmoja mgonjwa. Mimi nililiondoa zizi zima kwa kalamu ya kuchovya, mchana, bila kuhitaji mwizi hata mmoja. Mpaka leo sijui kama kuna mwizi aliyewahi kuisikia habari ile. Haikuwa lazima.

Gulio la tatu tulikwenda Boma: mama, Mwikoma na gobore lake katika mkeka, na mimi. Sikualikwa. Nilikwenda na daftari kwapani, na kwa kuwa nimeahidi kukiri, nikiri na hili: ndani kabisa ya moyo wangu nilitumaini kwamba wataliona, watalisifu, na pengine wataniuliza nafanya kazi wapi.

Karani wa Boma alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alisoma namba kwenye mtutu, akaitafuta kitabuni. Akauliza mwenye leseni yuko wapi. Mama akasema amefariki, akatoa barua ya chifu. Akauliza nani anapokea. Mwikoma akasema jina lake kwa sauti ya chini, na karani akaliandika bila kulirudia. Siku ya leo. Muhuri. Nilinyoosha shingo nikatazama. Safu nne. Serikali nzima ya Mwingereza, iliyotudai kodi ya kichwa na kutuhesabia mpaka mashimo ya takataka, ilitosheka na safu nne. Halafu karani akafanya kitu ambacho kwangu kilikuwa kigeni kabisa: alikifunga kitabu, akakiingiza kabatini, akazungusha ufunguo, na ufunguo akautia mfukoni.

"Na hicho ulichokumbatia ni nini?" aliniuliza.

"Ni kumbukumbu, bwana."

"Za nani?"

 Nikaanza na ya ukoo, ya mto na ya hali ya kitako, akaniinulia kiganja. 

"Nyumbani kwako una kabati?" aliuliza tena.

"Nina sanduku la mafuta ya taa, bwana."

"Lina kufuli?"

"Halina hata kifuniko, bwana."

Akanitazama kwa muda kama mtu anayetazama mtoto aliyeokota kitu cha chuma njiani, hajui kama ni kijiko au ni kitu kinacholipuka. "Rudisha kila karatasi kwa mwenyewe," alisema. "Leo ni gulio, anza leo."

Nje mama aliupokea ukurasa wake, akauchoma mwenyewe kwa kiberiti changu, nyuma ya ukuta. Aliuangalia mpaka mwisho. Mwikoma alisema, "Na mimi nimo humo," akakanyaga majivu kwa kisigino. Kisha akanishika mkono akaaga, akaenda zake. Nasikia mtama ule uliiva.

Fundi alinikopesha mkasi. Nilizikata kurasa zilizobaki, moja moja, na kwa miezi iliyofuata nilitembea kuzirudisha. Siwezi kusema nilipokelewa kwa nderemo. Mzee mmoja aliuliza kama niliandika na idadi ya wake zake, na nilipokiri kwamba ndiyo, aliniwekea ugali nile kwanza ndipo anitukane. Mwingine alinizaba kofi moja, akaniuliza kama hilo nalo nitaliandika. Mama mmoja alikataa kuupokea ukurasa wa mumewe, akasema nikae nao, atakuja kuusoma akijua kusoma, ana maswali naye. Huyo nilimkatalia. Nilikuwa nimeanza kujifunza.

Ya Itiryo hayakurudi kama yalivyokuwa. Mvua zilinyesha, na ng'ombe hawakurudishwa, kwa sababu wanne walikuwa wamekwisha kwenda katika mahari ya mtoto wa shemeji, na waliobaki, shemeji alisema, wamezoea majani ya kwake. Wazee walikaa, wakasema maneno mazuri kwa pande zote mbili. Kabla ya mavuno mengine mama alivunja nyumba yake, akahamia katika mji wa shemeji pamoja na wanawe. Hakuibiwa. Hakuna zizi lililobomolewa, hakuna mkuki, hakuna wa kushtakiwa. Nilikwenda kumsalimu mara mbili. Mara ya pili aliniuliza kama bado naandika, nikasema bado. Akasema, "Basi andika kidogo," akarudi kwenye kazi yake.

Imepita miaka minne. Bado niko kwenye baraza ile ile, na watu bado wanakabidhiana kwanza na kwenda Boma baadaye. Kwa kila gobore sasa naandika karatasi mbili, zenye namba, majina mawili na siku. Moja anachukua muuzaji, nyingine mnunuzi, na kwangu haibaki hata moja.